Mavuno ya Shaba ya Mwaka 2110: Uchambuzi wa Kisa cha Onyesho la Utopia Mjini Lubumbashi

Kisa hiki kinahusu kikundi cha vijana waigizaji wa Lubumbashi walioamua kutumia bunilizi za kisayansi na fikra za utopia, yaani kuwazia jamii iliyo bora, ili kuunda onyesho la uwanjani juu ya mji wao utakavyokuwa baada ya migodi. Nilikuwa pamoja nao kama mshauri wa uigizaji, tangu mazoezi ya mwanzo hadi kikao cha tathmini. Majina ya watu, ya kikundi, ya kartye (yaani mtaa) na ya mfadhili yameondolewa, na mambo machache yasiyoathiri maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Ninawaandikia waigizaji, walimu na waandaaji wa maonyesho, kwa kuwa kisa hiki kilinithibitishia jambo moja ninalolishikilia kwa dhati: utopia mbele ya watu husimama pale waigizaji wanapokubali kutii sheria za ulimwengu waliouzua, hata watazamaji wanapozijaribu sheria hizo kwa maswali magumu.

Mazingira ya kisa

Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia madini likaanza kazi. Bomba lake la moshi na terili, yaani mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, ndizo alama za mji hadi leo. Kwa wazee wa kartye ambamo kikundi hufanyia mazoezi, kampuni ilikuwa baba na mama: ilitoa kazi, nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Katika miaka ya tisini uzalishaji ulikuwa umekwisha kuporomoka, na mpango wa kuondoka kazini kwa hiari ulioanza mwaka 2003 uliwahusu wafanyakazi zaidi ya 10,000. Waigizaji wengi wa kikundi hiki ni watoto au wajukuu wa watu wa kizazi hicho.

Upande ule ambako upepo ulizoea kupeleka moshi wa tanuru, udongo ulijaa shaba na metali nyingine hata msitu wa miombo ukafa, na mahali pengine zikarudi nyasi chache tu zenye uvumilivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu pale Penga Penga, mjini humo, kuzipanda nyasi hizo ili zifunike udongo na kuzuia vumbi lisiruke kwenye makazi. Jambo hili, ambalo waigizaji walikuwa wakipita kando yake kila siku bila kulijua, ndilo lililokuja kuwa kiini cha onyesho.

Anayedhani kwamba bunilizi za kisayansi ni kitu cha kigeni kwa Katanga, mkoa wa zamani ambamo Lubumbashi imo, aitazame upya historia yake. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe iliingia katika mabomu ya atomu ya mwaka 1945. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka kaskazini mwa mkoa, ambao wakati huo uliitwa Shaba, na roketi ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Rais Mobutu mwenyewe. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, ile inayowekwa kwenye betri za simu na za magari ya umeme, hutoka Kongo. Kwa zaidi ya karne moja ardhi hii imetumika kujengea kesho ya watu wa mbali, na kikundi kilitaka kujua kama wakazi wake wanaweza kutunga kesho iliyo yao.

Mji pia una mapokeo ya uigizaji wa Kiswahili yaliyo hai. Kikundi cha Mufwankolo, kilichojulikana sana redioni na kwenye televisheni, hakikuwa kikianza na maandishi. Kilianza na wazo au msemo, kikaujadili, kikagawana nafasi, kisha kila mwigizaji akajitungia maneno yake papo hapo. Vijana wetu walirithi njia hiyo, na bila hiyo sidhani kama kilichofuata kingewezekana.

Jaribio la kwanza

Mfadhili alitoa fedha kiasi kwa ajili ya onyesho juu ya madini na siku zijazo, akaomba liwe lenye matumaini. Kikundi kilifanya kile ambacho wengi wangefanya. Kilishona mavazi ya roboti kwa makopo na nyaya, kikajenga mji wa katoni wenye minara mirefu, na katikati kikasimamisha roketi ya mapipa. Onyesho la majaribio lilifanyika kwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ya mmoja wao, mbele ya majirani.

Majirani walipiga makofi na kupiga picha nyingi. Halafu mzee mmoja akasema kwamba roketi zilikwisha kuja katika mkoa huu zamani, na akauliza ni nini zilichokiacha. Mama mmoja anayelima bustani ya mboga akatazama minara ya katoni, akauliza: «Sasa, nani njo anafagia?», yaani nani ndiye anayefagia. Mwigizaji akajibu kutoka ndani ya kopo lake kwamba roboti ndizo zinazofagia. Mama akataka kujua nani anazitengeneza zikiharibika, na zile zilizozeeka hutupwa wapi. Hapakuwa na jibu, na onyesho likaishia hapo.

Kikundi kilivunjika moyo, lakini mimi naona kwamba mama yule alikuwa mtazamaji bora kuliko wote waliopiga makofi. Bodys Isek Kingelez (1948–2015), msanii wa Kongo aliyejenga miji ya ndoto kwa karatasi na katoni, aliacha mitaa yake bila sanamu za watu, na macho ya mtazamaji ndiyo yanayoingia kukaa humo. Onyesho halina uhuru huo. Likishaweka miili ya watu uwanjani, lazima lieleze miili hiyo inakula nini, inachoka wapi na nani anazoa uchafu wake. Msanii wa Marekani Mierle Laderman Ukeles aliliweka swali hilo katika tamko lake la mwaka 1969, alipouliza nani atazoa takataka Jumatatu asubuhi baada ya mapinduzi, kisha akaendelea kwa miaka mingi kufanya sanaa pamoja na wazoa taka wa New York. Mama wa bustani alifika pale pale bila kupitia kwenye tamko lolote.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa kubadilisha kitu kimoja tu. Mtaalamu Darko Suvin, aliyeandika juu ya bunilizi za kisayansi katika miaka ya sabini, alieleza kwamba ulimwengu wa kubuni husimama juu ya jambo jipya moja ambalo akili inaweza kulifuatilia, na kila kingine hutokana nalo. Kikundi kiliweka mezani mapendekezo mengi: magari yanayoruka, mashine ya mvua, roboti za mgodini. Aliyebadilisha mazungumzo ni mwanafunzi wa kilimo, dada wa mwigizaji mmoja, aliyeeleza kwamba Katanga ina mimea inayoota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambako mimea mingine hufa. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, huota hata juu ya mabaki ya matanuru ya wahenga waliofua shaba kabla ya wazungu kufika, hivi kwamba waakiolojia wameutumia kama dalili ya kutafutia mahali pa kuchimbua.

Hapo ndipo jambo jipya lilipozaliwa: mwaka 2110 shaba ya Lubumbashi haichimbwi, inavunwa. Mmea umekuzwa hadi ukaweza kufyonza shaba kutoka udongoni. Watu wanaukata mwishoni mwa masika, wanaukausha, wanauchoma, na majivu yake yanapelekwa kwenye tanuru. Wazo hili halikutoka hewani, kwa sababu uvunaji wa nikeli kwa mimea umekwisha kujaribiwa mashambani katika nchi kama Albania. Hata hivyo mwanafunzi alisisitiza kwamba kwa shaba mambo ni magumu zaidi: baadhi ya vipimo vya zamani vilivyoonyesha majani ya Katanga yamejaa shaba vilipungua sana watafiti walipoyaosha majani kwanza, maana sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililoyakalia. Kikundi kilikubaliana kwamba uwanjani wataishi katika mwaka 2110 bila kusitasita, lakini mwishoni mwanafunzi huyo atasimama nje ya mchezo na kusema ni kipi kinachojulikana leo. Sababu yao ilikuwa ya heshima: katika kartye hiyo wapo watu wanaolima kwenye udongo huo huo, na haifai mtu arudi nyumbani akiamini kwamba maua yatamsafishia bustani.

Kutokana na jambo hilo moja walifuata mengine kwa subira iliyonifurahisha. Kama shaba inavunwa mara moja kwa mwaka, basi hakuna zamu ya usiku. Kama thamani imo shambani, basi ugomvi wa mji unahusu mipaka ya mashamba. Kuchoma mimea kunatoa moshi, na majivu ni hatari kwa anayeyabeba. Mwigizaji mmoja alitaka moshi huo uondolewe kwa chujio la ajabu; kiongozi akakataa, akisema kwamba mji usio na shida hata moja hauwapi wageni pa kuingilia.

Umbo walilochagua ni sherehe ya jubilei ya miaka 200 ya mji, kwa kuwa 2110 ni miaka 200 tangu 1910. Uchaguzi huu ulikuwa wa busara kuliko walivyojua wenyewe. Kila mtu wa Lubumbashi anajua namna ya kukaa kwenye jubilei: kuna viti vya wageni, hotuba, nyimbo, na kitu cha kunywa. Watazamaji walipokelewa kama wageni waalikwa, wakapewa munkoyo, kinywaji cha kienyeji, na hakuna aliyehitaji kuelezwa afanye nini. Mavazi ya roboti yaliwekwa kando; wananchi wa 2110 walivaa nguo za kawaida na kipande cha kitenge cha kijani mkononi.

Kisha zikaja sheria tatu za waigizaji. Kila mwananchi awe na kazi, na aweze kueleza nani anaishika akiugua. Hakuna kujibu kwamba «wakati wetu shida hiyo haipo». Na mgeni yeyote anaweza kupendekeza sheria mpya; wageni wakiikubali, wananchi wote wataiishi hadi jua lizame.

Mahali pia palijadiliwa. Wengine walipenda terili kwa uzuri wake kwenye picha, lakini vumbi na usalama viliamua, na kikundi kikachukua uwanja wa wazi kwa ruhusa ya shefu wa kartye na barua iliyopokelewa kwenye komini, yaani ofisi ya manispaa.

Siku tatu za uwanjani

Siku ya kwanza ilianza kwa hotuba ya meya wa 2110, kwa Kifaransa, ndefu mno. Baada yake mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuru akasimama kuuliza malipo ya mavuno yanatolewaje. «Feza njo iko wapi?» Meya akajibu kwamba mwaka 2110 hakuna tena fedha. Jibu lilikuwa ni kuvunja sheria ya pili kwa maneno mengine, na wageni walilitambua mara moja. Viti vya nyuma vikaanza kubaki vitupu. Jioni hiyo kikundi hakikutafuta jibu la kumridhisha mzee. Kilikaa kuunda mgawanyo halisi: fungu la wakataji, la wabebaji wa majivu, la watu wa tanuru, la wagonjwa na la wazee, na sababu ya kila fungu, vyote vikaandikwa kwenye ubao uliosimamishwa uwanjani kesho yake.

Siku ya pili ndiyo iliyofanya kisa hiki kistahili kuandikwa. Wananchi walipoanza kuigiza mavuno, msichana mdogo wa shule akauliza kwa nini wanawake wote wako shambani na wanaume wote wako kwenye tanuru na meza ya wageni. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Miezi ya mazoezi ilikuwa imepita, mji mzima ulikuwa umetungwa upya, na kazi zilikuwa zimegawanywa vile vile kama katika kambi za wafanyakazi za mabibi na mababu zao. Wageni wakapitisha sheria kwamba kazi zibadilishane. Meya akavua joho, akaenda kukata mimea isiyoonekana, na mkataji mmoja mwanamke akaketi kwenye kiti chake. Watu walicheka mwanzoni, lakini waigizaji waliendelea kufanya kazi kwa bidii bila kuwachekea, na kicheko kikaisha chenyewe.

Ndipo yule mzee wa tanuru akarudi na sheria yake: kampuni ikifa, deni lake kwa wafanyakazi lisife. Wageni waliipitisha kwa kelele. Sheria ikipita lazima iishiwe, kwa hiyo mwandishi wa mji alifungua daftari la madeni, akakaa, akauliza nani wa kwanza. Mstari ukajipanga. Mmoja alitaja miezi yake, mwingine mkono wake ulioumia, wajane wakataja kazi za waume zao na miaka waliyoitumikia. Mwandishi aliuliza kila mmoja kwa adabu ya ofisi, akasoma kwa sauti alichoandika, akapiga muhuri wa mji wa 2110. Sherehe ya kesho ilikuwa imegeuka ofisi ya jana, na hakuna aliyeondoka.

Mtumishi mmoja wa serikali alikuja kuuliza ni uandikishaji gani unaofanyika. Kiongozi akamwonyesha barua, wakamalizana. Tatizo zito lilikuwa jingine. Jua lilipozama, bibi mmoja aliuliza daftari litapelekwa kwa nani. Aliuliza kwa uzito wote, na mkononi mwa mwandishi kulikuwa na karatasi zenye majina halisi. Kiongozi aliamua pale pale kukata karatasi, kumrudishia kila mtu yake, na kutobaki na nakala. Alisema waziwazi kwamba hakuna ofisi nyuma ya ofisi hii. Wengine waliikunja karatasi wakaiweka kibindoni. Wawili watatu waliondoka na uchungu.

Siku ya tatu daftari lilirudi kwa ombi la wageni, ila mwandishi alitangaza mapema kwamba karatasi haziendi popote, na akaandika kazi na miaka tu, bila majina. Mstari ulikuwa mfupi zaidi, na mazungumzo yakawa marefu zaidi.

Matokeo

Mfadhili hakuridhika. Alikuwa ametarajia matumaini, akaona orodha ya madeni, na hakutoa fedha za awamu ya pili. Waigizaji wawili waliacha kikundi, mmoja akisema kwamba alijiunga kucheza na hakujiunga kupokea machungu ya watu. Kwa upande mwingine, chama kimoja cha wakazi kiliichukua kanuni ya sheria ya hadi jua kuzama na kuitumia katika mikutano yake, ambako pendekezo hujaribiwa kwa muda mfupi kabla ya kupigiwa kura.

Tokeo ambalo hakuna aliyelipanga lilitoka kwa mwanafunzi wa kilimo. Maelezo yake ya mwisho juu ya majani na vumbi yaliwafanya wanawake wa bustani wamzunguke kila siku kuuliza juu ya lengalenga na matembele wanayouza. Aliwaeleza kwamba kuosha majani vizuri kwa maji safi huondoa vumbi lenye metali, lakini hakuondoi kile ambacho mmea umekinywa kwa mizizi, kwa hiyo bustani zilizo njiani mwa moshi wa zamani zinahitaji kupimwa udongo.

Uchambuzi

Jambo jipya moja lilishinda mengi kwa sababu lilimpa kila mtu nyenzo sawa ya kufikiri. Mbele ya roboti na roketi mgeni hubaki kushangaa. Akiambiwa kwamba shaba inavunwa kama mahindi, mkulima anajua tayari maswali ya kuuliza, kuhusu mbegu, mvua, mipaka na mgao, na maswali yake ni bora kuliko ya mwigizaji. Kwamba jambo hilo lilikuwa na mizizi katika mimea ya Katanga yenyewe kuliongeza uzito wake.

Sheria ya kutokukana shida ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Ilipovunjwa siku ya kwanza onyesho lililegea. Ilipotiiwa siku ya pili liliwabeba watu mbali kuliko kikundi kilivyokusudia. Ninaamini pia kwamba swali la msichana lilifunua manufaa makubwa kuliko yote ya fikra za utopia katika sanaa hii. Mtunzi anapodhani amebadilisha kila kitu, kile alichosahau kubadilisha husimama peke yake uwanjani, kikaonekana na kila mtu. Hotuba ya kupinga ubaguzi isingefika hapo.

Kuhusu mfadhili, sikubaliani na hukumu yake. Watu wa kartye ile walipopewa kesho tupu walianza kwa kuijaza madeni ya jana, na hilo si kukosa matumaini. Wanaona kwamba hakuna mji mpya unaoweza kuanza kabla ya hesabu hizo kusomwa kwa sauti. Kasoro ilikuwa katika makubaliano ya mwanzo, ambayo hayakusema lolote juu ya nini kitafanyika watazamaji wakilichukua onyesho mikononi mwao. Kikundi kinachotumia njia hii kinapaswa kulieleza jambo hilo kwa maandishi kabla ya kupokea fedha.

Hotuba ya Kifaransa ilikuwa kosa dogo, likarekebishwa. Maelezo ya mwanafunzi mwishoni yalikata moto wa onyesho kila siku, na baadhi ya waigizaji walitaka yaondolewe. Mimi ningeyaacha. Ningeyahamishia kwenye kona ya munkoyo, ambako watu husimama wakizungumza hata hivyo, ili ukweli wa leo usikilizwe bila kuonekana kama adhabu kwa walioota.

Kilichoshindikana kweli kweli ni matunzo ya waigizaji. Mwandishi wa mji alisikiliza habari za vifo na majeraha kwa saa nyingi bila kupumzika, akiwa kijana asiye na maandalizi yoyote kwa kazi hiyo, na sheria ya kwanza ya mji, ile ya kuwa na wa kumpokea, haikutumika kwake. Waandaaji wapange mapema watu wawili wa kupokezana kwenye meza hiyo, mtu mzima anayeheshimiwa katika kartye aketi karibu nao, na kabla ya mstari kuanza itamkwe wazi karatasi ni za nani, zitaandikwa nini na zitarudi wapi.